Mzazi Asiye na Fedha ya Kambi

Masomo ya kusoma kwanza: Walawi 12:6-8, Walawi 5:7-13, Luka 2:22-40, 1 Timotheo 5:3-8, 2 Wakorintho 8:12.



Shule zifungapo mwezi wa Juni, na tena mwezi wa Desemba, watoto wengi hurudi nyumbani na barua mkononi. Barua yasema kwamba darasa la mtihani litakaa kambi: wanafunzi watalala shuleni na kujifunza mchana na usiku, na kila mzazi alete mahindi, maharage, na fedha za mpishi na za walimu. Ama yasema kwamba darasa litakwenda Ngorongoro au Mikumi kuona wanyama, na nauli ni kiasi hiki. Ama barua yatoka kwetu wenyewe usharikani: watoto wa kipaimara watakuwa na kambi ya siku tatu, na mchango ni huu. Mtoto aitoa barua, kisha asimama akimtazama baba yake usoni.

Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 shule za Serikali ya Tanzania hazitozi ada kuanzia shule ya msingi hata kidato cha nne, na mwaka 2022 ilitangazwa kwamba ada ya kidato cha tano na cha sita nayo imeondolewa. Twamshukuru Mungu kwa hayo. Walakini kambi, safari, na mengine ya namna hii hayamo katika msaada huo, nayo ndiyo yanayowachoma wazazi wengi leo. Mmoja humkemea mtoto kana kwamba kuuliza ni kosa. Mwingine husema, "Tutaona kesho," na kesho nyingine, hata siku ya safari ipite. Wa tatu huenda kwa wenye mikopo ile iitwayo kausha damu, na jina lake lajieleza. Wa nne huacha kuja kanisani kwa majuma kadhaa, asije akaulizwa. Na wengi husema moyoni, "Mimi si mzazi." Neno hilo ndilo tunalotaka kulijibu katika somo hili.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Katika nchi ya Marekani shule hufungwa wakati wa joto kwa muda wa miezi miwili na zaidi, na desturi ya kuwapeleka watoto kambini ilianza huko katika karne ya 19. Mwalimu mmoja wa Connecticut, Frederick Gunn, aliwachukua wanafunzi wake mwaka 1861 wakapiga kambi kando ya bahari. Leo kambi hizo ni nyingi sana, na Walutheri wa huko nao wanazo zao. Lakini gharama ya nyingi ni kubwa, na wako wazazi wa huko, wenye nyumba za matofali na motokaa mlangoni, ambao huona haya kama sisi kwa sababu watoto wao wamebaki nyumbani. Basi asidhani mtu kwamba haya hii ni ya nchi maskini tu.

1. Mambo matatu yasiyo sawa

Mzazi akisema, "Moyo wangu wanihukumu," yatupasa kwanza kumwuliza ni kitu gani kinachomhukumu. Maana mambo matatu hukaa katika moyo huo yakiwa yamevaa nguo moja, nayo ni huzuni, aibu, na hatia.

Huzuni ni maumivu ya upendo. Mzazi ampenda mtoto, atamani kumpa kitu chema, wala hana. Huzuni hii si dhambi. Asiyempenda mtoto hahuzuniki. Dawa yake si toba, bali ni faraja na maombi.

Aibu ni maumivu yanayotoka kwa macho ya watu. Katika kundi la wazazi kwenye simu majina ya waliolipa yaandikwa kwa mpango, na jina lako halimo. Picha za watoto wakipanda gari zaletwa, na wako hayupo. Aibu haiulizi kama umetenda dhambi; yauliza tu kama umeonekana kuwa mdogo kuliko jirani. Dawa yake ni kuijua kweli na kuisema. Tena ikumbukwe kwamba mara nyingine aibu huchanganyika na tamaa. Katekisimo Ndogo yatufundisha katika Amri ya Tisa na ya Kumi tusitamani vya jirani. Na safari ya mtoto wa jirani nayo ni mali ya jirani.

Hatia ni kitu kingine kabisa. Hatia ni deni mbele za Mungu, kwa sababu ya amri iliyovunjwa. Baba aliyekunywa fedha ya chakula katika kilabu cha pombe ana hatia. Aliyetoa mchango mkubwa wa harusi ili asifiwe, na mtoto wake akakosa daftari, ana hatia. Aliyempeleka mtoto wa kiume na kumbakiza wa kike, ingawa fedha ya wote wawili ilikuwapo, ana hatia. Mtu wa namna hii asifarijiwe upesi. Na aungame, apokee ondoleo la dhambi, kisha aigeuze njia yake. Msamaha wa Kristo ni wake naye.

Lakini yule aliyelima, akauza, akalipa matibabu ya mgonjwa, akanunua unga na sabuni na sare, na mwisho wa hesabu hakuna kilichobaki, huyo amevunja amri ipi? Na apitie zote kumi, moja moja. Hataiona. Anayo huzuni, na pengine aibu, lakini hatia hana. Basi asiungame asichotenda, akajihukumu kwa deni ambalo Mungu hakuliandika. Mtu akizoea kuungama umaskini kana kwamba ni dhambi, siku ya dhambi yenyewe hataijua.

2. Hua wawili

Tufungue Walawi sura ya 12. Mwanamke aliyezaa, siku za kutakaswa kwake zikiisha, aliagizwa kumletea kuhani mwana-kondoo wa mwaka mmoja, pamoja na kinda la njiwa au hua. Ndiyo sheria. Lakini mstari wa 8 waongeza neno: ikiwa mali yake haimfikishi kupata mwana-kondoo, atwae hua wawili au njiwa wachanga wawili, naye atakuwa safi. Mungu mwenyewe ndiye aliyeweka nafasi hiyo. Mwanamke maskini hakuhitaji kumbembeleza kuhani ampunguzie. Sheria ilimjua kabla hajafika mlangoni.

Tena sura ya 5, katika sadaka ya dhambi, yashuka hata chini zaidi. Asiyeweza kondoo alete ndege wawili. Na asiyeweza hata ndege alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, basi. Na kwa kila mmoja wa hao twaambiwa kwamba atasamehewa, wala mwenye unga hakusamehewa nusu.

Sasa tuisome Luka sura ya 2, mstari wa 24. Yusufu na Mariamu wampandisha mtoto Yesu Yerusalemu, na sadaka yao ni ile ya ndege wawili. Luka haelezi kwamba walikuwa maskini. Aitaja sadaka tu, na kila Mwisraeli aliyesikia alijua maana yake: nyumba hii haikuweza mwana-kondoo. Bwana wa mbingu na nchi aliingia hekaluni mwake kwa mara ya kwanza mikononi mwa wazazi walioleta kile kidogo kilichoruhusiwa.

Na siku ile ilipungukiwa na nini? Simeoni alimpakata mtoto akamsifu Mungu. Ana, mwanamke mzee sana, akasema habari zake kwa watu waliongoja ukombozi. Hakuna aliyewauliza wazazi, "Kondoo yuko wapi?" Na mstari wa 40 watuambia kwamba mtoto alikua, akaongezeka nguvu, akajaa hekima, na neema ya Mungu ilikuwa juu yake. Haya yote yalitokea katika nyumba ya hua wawili.

Paulo naye awaandikia Wakorintho katika barua ya pili, sura ya 8 mstari wa 12, kwamba moyo ukiwa tayari, kitu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa kadiri ya asicho nacho. Alikuwa akinena habari za changizo la watakatifu. Walakini kama Mungu hadai asicho nacho mtu kwa ajili ya Kanisa lake, je, atakidai kwa ajili ya safari ya Ngorongoro?

3. Neno linalochoma

Lakini wako wanaojibu, "Mbona Paulo asema kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani?" Hilo ni 1 Timotheo 5:8, na wazazi wengi hulibeba mstari huu kama jiwe begani. Basi tulisome pamoja na yaliyotangulia.

Tangu mstari wa 3 Paulo anena habari za wajane. Palikuwa na watu wenye mama na bibi wajane, nao walikuwa na uwezo wa kuwalisha, lakini waliwaachia Kanisa mzigo huo. Hao ndio anaowakemea. Neno lake lamwangukia yule awezaye asitake, wala halimwangukii yule atakaye asiweze. Tena jambo anenalo ni matunzo: chakula, mavazi, mahali pa kulala, kutoachwa peke yake. Hataji kila jambo jema ambalo jirani amempa mtoto wake. Anayeutumia mstari huu kumpiga mama aliyeshinda shambani tangu alfajiri, huyo autumia kwa kinyume.

Na walimu wa sharika wauangalie mstari huu sana. Msiusome katika mafundisho ya wazazi bila kuueleza. Neno la Mungu lina upanga. Usiuweke mikononi mwa mtu ambaye tayari ajichoma mwenyewe.

4. Barua kutoka Coburg

Mwaka 1530 wakuu wa Ujerumani walikutana mbele ya Kaisari katika mji wa Augsburg. Martin Luther hakuweza kwenda, kwa sababu tangu mwaka 1521 alikuwa amehukumiwa na Kaisari, na kama angalionekana angalikamatwa. Basi mtawala wake alimwacha katika ngome ya Coburg, naye akakaa humo tangu Aprili hata Oktoba. Mwezi wa Juni, siku ya 5, alipata habari kwamba baba yake mzazi amefariki. Mke wake Katharina na watoto walikuwa mbali, Wittenberg. Mwanawe Hans alikuwa ametimiza miaka 4 mwezi ule ule.

Luther hakuweza kumpa mtoto huyu safari, wala zawadi, wala hata kumshika mkono. Tarehe 19 Juni alimwandikia barua. Ndani yake alimsimulia habari za bustani nzuri, ambamo watoto wamevaa makoti ya dhahabu, waokota matunda chini ya miti, waimba na kuruka, nao wana farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu na tandiko za fedha. Bustani hiyo ni ya watoto wapendao kuomba na kujifunza. Baba amwambia mwanawe kwamba amekwisha kumwombea mwenye bustani, naye amekubali kwamba Hans aweza kuja, pamoja na rafiki zake wawili na shangazi wa nyumbani kwao.

Siku sita baada ya barua hiyo, yaani tarehe 25 Juni 1530, Ungamo la Augsburg lilisomwa mbele ya Kaisari, nalo ndilo ungamo la Kanisa letu hata leo. Mambo makubwa namna ile yalikuwa yakisumbua moyo wa Luther, pamoja na msiba wa baba yake. Hata hivyo alikaa chini akamtungia mtoto mdogo hadithi. Gharama yake ilikuwa karatasi na wino. Wakuu waliokuwako Augsburg na mavazi yao twawasahau kwa majina. Barua ya mtoto Hans yasomwa hata leo, baada ya karibu miaka 500.

Hatusemi kwamba hadithi ni sawa na safari. Mtoto aliyeachwa gari likiondoka ataona uchungu, na uchungu wake ni wa kweli. Twasema hivi tu: kile ambacho mtoto aomba kwa mzazi kupita vyote ni kujua kwamba yumo moyoni mwake. Hicho hakiuzwi, wala maskini hajakatazwa kukitoa.

5. Mtoto aambiwe nini

Aambiwe kweli, tena mapema. "Mwanangu, safari hii ni nzuri, nami ningependa uende. Fedha hatuna mwezi huu. Si kosa lako kuuliza, wala si kwamba sikupendi." Maneno haya ni machache, lakini mzazi hana budi kukaa chini ayaseme, asiyatupe akipita mlangoni. Mtoto akilia, na alie. Mzazi asimkemee kwa machozi ambayo yeye mwenyewe angependa kuyatoa.

Asiambiwe uongo, wala kwamba safari ni mbaya, wala kwamba gari lina kasoro, wala asitumiwe shuleni na habari ya homa isiyokuwapo. Mtoto atajua, na siku hiyo atakuwa amekosa safari na imani kwa baba yake pamoja.

Wala mzazi asikope kwa riba ya kuangamiza ili kununua siku tatu. Mithali 22:7 yatuonya kwamba mkopaji huwa mtumwa wa akopeshaye. Mbuzi akiuzwa kwa ajili ya dawa, ni sawa. Lakini kitanda na sufuria zikichukuliwa na mdai kwa ajili ya kambi, watoto wote wa nyumba ile watalipa.

Tena likizo isipite bure. Mwenye kihamba na amwonyeshe mtoto mfereji watoka wapi, ni nani waliouchimba, na zamu za maji hugawanywaje. Fundi cherehani na amfundishe kushona kifungo, kisha mfuko. Mtoto na apelekwe kwa bibi yake kwa juma moja, aandike katika daftari majina ya mababu na habari zao. Wa darasa la mtihani na awekewe saa moja yenye taa na utulivu kila jioni, na mzazi akae karibu naye, hata kama yeye mwenyewe hajui kitabu kile.

6. Kazi ya usharika

Mzigo huu si wa mzazi peke yake. Mwaka 1877 mchungaji mmoja wa Marekani, Willard Parsons, aliyekuwa na usharika mdogo wa mashambani huko Sherman katika Pennsylvania, aliwaomba washarika wake wawapokee nyumbani mwao watoto maskini wa mji wa New York wakati wa joto. Hawakujenga kambi. Walifungua milango, wakaongeza sahani mezani. Kazi ile yaendelea hata leo. Je, sharika zetu za shamba na za mji haziwezi kubadilishana watoto kwa juma moja namna hiyo?

Na mengine ni mepesi zaidi. Mchango wa kambi ya kipaimara upangwe kwa kumfikiria kwanza mtoto wa mjane, si mtoto wa mwenye duka. Asiye na fedha akubaliwe na debe la mahindi au mkungu wa ndizi, kama vile kuhani alivyokubali hua. Majina ya wasiolipa yasisomwe kanisani wala yasiandikwe katika kundi la simu. Mnada mmoja baada ya ibada, wa mayai na maboga yaliyotolewa, waweza kutengwa kwa ajili ya watoto wa namna hii. Na wajuao anayesaidiwa wawe mchungaji na mzee mmoja wa kanisa tu. Tukifanya hivi, hakuna mtoto wa kipaimara atakayebaki nyumbani kwa sababu ya umaskini. Kama anabaki, basi hatia ni ya usharika, wala si ya mama yake.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Huzuni, aibu, na hatia hutofautianaje? Toeni mfano wa kila moja kutoka nyumbani kwetu.
2. Kwa nini Mungu aliweka sadaka ya ndege na ya unga katika sheria ile ile ya mwana-kondoo?
3. 1 Timotheo 5:8 yamkemea nani? Tumjibuje anayejihukumu bure kwa mstari huo?
4. Ni matumizi gani katika nyumba zetu yanayonyang'anya haki ya watoto?
5. Mchango wa kipaimara katika usharika wetu hupangwaje, na ni nani asiyeufikia?

Ee Baba wa mbinguni, uliyekubali hua wawili mikononi mwa Mariamu, uwatazame wazazi wanaokesha wakihesabu fedha isiyotosha. Uwaondolee hukumu isiyotoka kwako. Na penye hatia ya kweli utupe toba na msamaha. Uwalinde watoto wetu walio kambini na walio nyumbani, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.